Nyumba Yafika Langoni kwa Halmashauri

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa tatu. Manyunyu yalikuwa membamba asubuhi ile, yale yanayomlowesha mtu kwa kumvizia. Alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa mbao ilikuwa imechuruzika bila kufutika. Watu wa halmashauri walikuwa wameipaka Ijumaa, na mtaa mzima ulijua maana yake: bomoa.

Mpishi wa shule alisimama mbele ya alama ile, koti la mvua la marehemu mumewe mabegani.

"Mungu wangu," alisali, "leo nipe maneno. Miguu ninayo."

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, imejengwa juu ya tela kuukuu, na mlango wake mpana ulipitisha vizuri kiti cha magurudumu cha baba yake. Mpishi mwenyewe alipanga ghorofa ya tatu, na tangu miguu imgomee mzee, ngazi zilikuwa zimemshinda. Uwanja ulikuwa wa shemeji yake, mume wa dada yake. Alimwazima mpishi tu; siku akiuhitaji, nyumba ingevutwa ikaondoka. Ndiyo maana akaomba kibali cha nyumba ya kuhamishika. Lakini mkaguzi alipokuja, jicho lake lilitua kwenye kibaraza cha saruji.

Kibaraza hicho hakuna aliyekiagiza. Shemeji alikuwa mwashi, na mwashi yule hakuweza kuona kitu kimekaa juu ya udongo mtupu akanyamaza. Hata banda lake la kuku lilikuwa na msingi. Aliposikia baba mkwe anahamia, aliona aibu mzee apandie ubao. Akamwaga zege mlangoni, akafunika magurudumu ya upande ule, akatengeneza mteremko laini kama sahani. Kazi safi kabisa, na ndiyo iliyoigeuza nyumba kuwa jengo la kudumu lisilo na ramani.

"Kama kweli inahamishika," mkaguzi alikuwa amesema huku akicheka, "siku moja niletee ofisini niione."

Sasa mpishi alimgeukia shemeji yake. "Kivunje."

"Shemeji, hicho ni kibaraza cha heshima!"

"Heshima gani, na tingatinga linakuja kesho?"

"Niache niende nikaongee nao."

"Umeshaongea na zege, inatosha."

Dada mtu alicheka dirishani kwake. "Chukua nyundo, baba watoto. Huyo akishakunja mikono hivyo, hata marehemu mama alikuwa anampisha."

Mwashi akavunja. Kila pigo alifumba macho, kama anayeng'olewa jino. Gurudumu la mwisho lilipoonekana, alilifuta matope kwa kiganja chake, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, shemeji. Nilitaka baba asiteleze."

"Najua," alisema mpishi, na akamshika bega. "Sasa sukuma."

Dereva wa trekta, ambaye watu walimwita Taratibu kwa mwendo wake, alifunga mnyororo. Mzee alikuwa ndani tayari, kiti kimekazwa kwa kamba ukutani.

"Baba, shuka kwanza, utatufuata kwa teksi."

"Mwenye nyumba hashuki," alijibu mzee. "Mwambie Taratibu leo asione haya, akanyage mafuta."

Barabarani watu waliacha biashara zao wakatazama. Mpishi alitembea ubavuni mwa tela, midomo ikicheza sala. Shingo haikuinama.

Langoni kwa halmashauri mlinzi alinyoosha mikono yote miwili. "Majengo hayaingii humu!"

"Kama ni jengo, limefikaje hapa?"

Foleni ya watu waliosubiri huduma ikaangua kicheko. Mkaguzi akateremka kutoka ofisini, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, nilikuwa nakutania."

"Ulikuwa kazini, bwana mkaguzi. Nami nimekuja kikazi. Kagua."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Alichuchumaa, akachungulia chini ya tela, akapiga gurudumu moja teke, kisha jingine. Alipoinuka hakuwa na utani tena.

"Hili si jengo la kudumu," alisema, na watu wakasikia. "Alama itafutwa. Lakini kibali kinatolewa na kikao, na kikao ni Alhamisi. Mpaka hapo mzee asilale humu."

Mzee akagonga kioo. "Nilale wapi, mwanangu? Utanibeba wewe hadi ghorofani?"

 Foleni nzima ikamgeukia mpishi.

Mpishi alipanda kwenye chuma cha tela ili aonekane. 

"Nisikilizeni nyote mlio kwenye foleni, na wewe mlinzi, na wewe bwana mkaguzi, na Mungu aliye juu anisikie. Naahidi: leo baba yangu analala ndani ya nyumba hii. Alhamisi kikao kikikaa, itakuwa hapa langoni na yeye yumo ndani. Mkisema hapana, nitairudisha kikao kijacho, na kinachofuata, mchana kweupe, hadi mseme ndiyo."