Mguu wa Syrgak

Anarkul alipomvua Syrgak soksi, vidole viwili vilikuwa vyeusi tii, na harufu iliwafanya hata wenzake waliolala naye juu ya mabomba ya maji moto yanayopasha joto nyumba za mji wageuze nyuso.

"Tangu lini hivi?"

"Jumatatu nilikwenda hospitali, dada. Wakasema nirudi na kitambulisho."

Leo ilikuwa Alhamisi. Damu ilimpanda Anarkul kichwani. Yeye mwenyewe alilala kwenye mabomba hayohayo ya Bishkek miaka sita, sindano ya dawa za kulevya mfukoni. Sasa alikuwa ameacha, anafanya kazi katika ofisi ndogo inayowatetea watu wasio na makazi. Akasimamisha teksi. Ya kwanza ilimwona Syrgak, ikaondoka kwa kasi. Ya pili ilikubali baada ya dereva kutandika magazeti kwenye kiti.

Kwenye mapokezi ya hospitali, mwanamke wa koti jeupe hakuinua hata macho. "Kitambulisho."

"Kiliibiwa. Mguu unaoza, mtazame."

Mwanamke alitazama mikono ya Syrgak, yenye makovu ya sindano. "Huyu teja. Akasafishwe dawa za kulevya kwenye damu kwanza, halafu ndiyo mje."

"Halafu azikwe?"

"Usinipigie kelele."

"Sijaanza!" Anarkul akabamiza karatasi mezani. "Andika hapa kwamba umemkataa mgonjwa wa dharura. Weka saa, jina lako na sahihi. Sheria inasema anatibiwa kwanza, makaratasi baadaye. Unaijua, ndiyo maana Jumatatu hamkumwandikia kitu."

"Kwa hiyo mateja wapite mbele yetu?" mtu alifoka kwenye foleni.

Anarkul akamgeukia. "Na wewe omba usianguke barabarani bila pochi, kaka. Watakuita mlevi, wakuache hapohapo."

Mwanamke wa mapokezi hakuigusa kalamu. Alinyanyua simu, na baada ya muda daktari wa upasuaji akaja, akainama, akakunja uso.

"Angekuja Jumatatu," alisema taratibu, "tungekata vidole tu."

"Jumatatu alikuja!" Sauti ya Anarkul ilipasuka. "Alikuja mwenyewe, akitembea!"

Jioni ile walimkata mguu chini ya goti.

Anarkul alipompelekea barua ya malalamiko kwa wizara ya afya aitie sahihi, Syrgak aliogopa. "Watanikomoa, dada. Hata sasa nikilia maumivu wanasema nataka kulewa."

Anarkul akatoka moja kwa moja hadi kwa daktari yule, na hakutoka ofisini kwake mpaka dawa ya maumivu ilipoandikwa kwenye faili na nesi akaileta. Syrgak alilala saa nane mfululizo. Alipoamka aliomba kalamu.

"Andika pia mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wasidhani nilizaliwa kwenye bomba."

Jibu la wizara lilikuja baada ya miezi miwili. Hospitali imeonywa. Mhusika amehamishiwa dirisha la dawa. Raia asaidiwe kupata kitambulisho kipya. Anarkul aliisoma barua mara mbili akiutafuta mguu. Haukutajwa popote.

"Wamemhamisha dirisha!" alimwambia Syrgak. "Dirisha!"

Syrgak alikuwa bado anajifunza magongo. Aliinuka, akayumba, akakataa kushikwa.

"Basi tuwashtaki. Mahakama iko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Lifti mbovu."

"Basi tuondoke mapema," alisema, akatangulia mlangoni.