Kamera ya Chumbani kwa Mama

Fundi alipanga vitu vyake mezani huku akivisifu, na mimi nikazidi kupandwa na hasira kwa kila boksi alilofungua. Kamera nne. Rekoda yenye diski ya kutunza picha za mwezi mzima. Swichi ya matundu manane, inayopitisha umeme na mtandao kwenye waya mmoja. Vyote vilichaguliwa na kaka yangu, ambaye hajakanyaga nyumba hii kwa miaka mitatu.

"Kaka yako anajua kuchagua," alisema fundi. "Kwa kuta nene kama hizi, kamera zisizo na waya zingekatika kila saa. Yeye amesema waya tu. Watu wengi hawalijui hilo."

"Anajua sana," nikasema. "Ya getini ni ipi?"

Mimi nilikuwa nimemwomba kaka hiyo tu. Pampu yetu ya maji iliibwa mchana kweupe, nikiwa ndani namlisha mama, na tangu siku hiyo nikisikia geti linalia roho huwa juu. Fundi alizigeuza kamera moja moja, akasoma karatasi yake, akajikuna shingo.

"Dada, hapa hakuna ya nje. Za nje ni zile zisizoingia maji. Hizi zote ni za ndani. Sebuleni, jikoni, koridoni, na chumba cha mgonjwa."

Mgonjwa ni mama. Macho yake yamefifia, miguu haimchukui tena, na mimi ndiye ninayemwogesha pale pale kitandani kwa beseni na kitambaa, mlango umefungwa, hata shangazi haingii. Nikampigia kaka hapo hapo, nikaweka simu mezani ili na fundi asikie.

"Ni usalama tu," kaka alisema.

"Usalama wa nani? Mwizi anapitia chumbani kwa mama?"

Alijitia kukohoa. "Ile picha uliyonitumia, mama alikuwa na alama nyeusi mkononi. Sisemi kitu. Nauliza tu."

Damu ilinichemka. Alama ile ilikuwa ya sindano ya dripu, siku nne ambazo mama alilazwa na mimi nikalala kwenye benchi kando yake. Angeniuliza ningemwambia. Hakuniuliza mimi, alikwenda kuuliza dukani bei ya kamera.

"Na nikiwa namwogesha?"

"Hiyo inageuka. Utaigeuza, kwani shida iko wapi?"

Fundi alikuwa ameinamia waya zake. "Anayeigeuza ni mwenye programu kwenye simu, dada," alisema taratibu. "Na programu ameomba iwe kwake peke yake."

Nikakata simu. "Funga," nikamwambia. "Anza na ya mama." Nakiri nilisema hivyo kwa ukorofi. Nilitaka kaka afungue simu yake mbele ya mke wake na wakwe zake, akutane na beseni na mgongo wa mama yake mzazi, haya zimshike ashindwe hata kula.

Fundi alipoanza kutoboa dari, mama aliuliza nani anagonga. Nikamdanganya kuwa tunatengenezewa taa. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe mmoja anamlinda dhidi ya mwingine?

Waya ulipochomekwa kwenye swichi, kijitaa cha kijani cha kamera kikawaka juu ya kitanda. Fundi akampigia kaka ajaribu. "Hii ina maiki na spika," aliniambia kwa fahari. "Mnaweza hata kuzungumza."

"Shikamoo, mama."

Sauti ilitoka darini, kubwa na safi, kana kwamba kaka amesimama katikati ya chumba. Mama aligutuka, uso wote ukamchangamka. Nilikuwa sijauona uso ule kwa muda mrefu, na mimi nipo naye kila siku.

"Baba! Umefika!" Alianza kuhangaika na shuka, anatafuta kukaa. "Nani amemfungulia? Mpeni kiti. Mbona hamkuniambia mapema nikaoga?"

"Mama, mimi... mimi niko kazini."

"Sogea basi, sikuoni vizuri." Akanyoosha mkono hewani, kuelekea mlangoni.

Fundi alitaka kuchomoa waya. "Usichomoe!" nikamfokea. Nikaikazia macho ile kamera. "Si ulitaka kuona? Haya, ona! Mama yako anakupa mkono. Upokee!"

Kamera ilinguruma kidogo, ikajigeuza polepole mpaka ikaangalia ukuta.

Mkono wa mama ulikuwa bado hewani. Nikaushika mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwepo wa kuushika. Aliupapasa wangu kidole kwa kidole, akafika kwenye kiganja kilichochubuka kwa sabuni, akakaa nacho.

"Umekonda, baba," akasema. "Huko uliko nani anakutunza?"