Tundu la Mwisho

"Usivute tumbo," fundi wa mikanda alimwambia mteja wake. "Niambie, asubuhi umekula nini?"

Hakuwa na haja ya jibu. Ndivyo alivyowapima watu wote. Alizungusha futi kiunoni, pale pale mkanda utakapokaa, akaingiza vidole viwili kati ya futi na nguo, kisha akauliza jambo lolote la chakula. Mtu akianza kueleza habari za chai na mkate husahau kwamba anapimwa. Anaachia pumzi, na tumbo linarudi mahali pake pa kila siku. Hapo ndipo fundi aliposoma namba.

"Themanini na mbili," alisema.

Mteja alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Alitaka mkanda wa kuvalia gauni. Aliposikia namba aliinamisha kichwa akaitazama futi ilivyokaa kiunoni mwake.

"Rudia."

Fundi akarudia. Themanini na mbili.

"Rula," alisema Mama Vifungo, maana hilo ndilo jina walilompa fundi kwa sababu ya rula ya chuma ya mita moja asiyoachana nayo, "themanini na mbili niliiacha siku ya harusi yangu. Mimi ni themanini na tano, najijua, wala sioni haya."

Fundi akasema kwa upole kwamba huenda kazi nyingi zimempunguza. Mama Vifungo akamjibu kwamba kazi yake ni ya kukaa, na ya kukaa haijawahi kumpunguza mtu. Akatoka, akarudi na futi yake ikiwa shingoni. Wakazilaza futi zote mbili mezani, kando ya rula ya chuma, vichwa vikiwa sawa.

Futi ya Mama Vifungo ilikwenda sambamba na rula mpaka mwisho. Ya fundi ilianza vizuri, katikati ikaanza kuachana nayo, na alama yake ya mia ikaangukia nje ya rula, upana wa vidole viwili.

"Basi ni futi yako iliyonenepa," alisema Mama Vifungo, akacheka. Kisha akamtazama fundi usoni, akaacha kucheka.

Ilikuwa futi ya kitambaa. Upepo wa mlangoni ulikuwa na tabia ya kuisokota, na fundi, ambaye hakufundishwa kazi na mtu, alijibunia dawa. Kila alipomaliza kupima aliitundika msumarini, akaning'iniza bizimu kubwa ya shaba, kifungio cha mkanda, kwenye ncha ya chini ili inyooke. Alikuwa akijisifia jambo hilo. Wateja waliokaa kusubiri aliwaonyesha: tazama, futi yangu haina hata mkunjo mmoja. Sasa Mama Vifungo aliipima bizimu ile kiganjani, akaipandisha na kuishusha. Aliirudisha mezani taratibu kama kitu cha mtu aliyefiwa.

Fundi alikaa kwenye kigoda. Watu aliwapima kwa futi, ngozi aliipima kwa rula. Futi ikivutika husoma pungufu, kwa hiyo mkanda hutoka mfupi. Mkanda mzuri una matundu matano na mwenyewe hufungia la katikati. Lakini kwa muda mrefu sasa wateja wake walikuwa wakirudi wamefungia tundu la mwisho, wengine hawalifikii. Na yeye alifanya nini? Aliulaza mkanda kando ya rula mbele ya macho yao, akawaonyesha kwamba haukuwa mfupi hata kidogo kuliko kile kipimo walichopimwa. Kisha, kwa sauti yake ya chini ambayo watu waliiamini, akamwambia kila mmoja mkanda uko sawa, kilichobadilika ni wewe.

Mwuza nyama alikuwa ameambiwa hivyo. Mwalimu wa kwaya aliambiwa, akaondoka ameufumbata mkanda mkononi badala ya kuuvaa. Hakuna aliyebisha. Siku ya kupimwa walisomewa namba ndogo wakafurahi, na siku ya kuvaa walijilaumu wenyewe.

Halafu akamkumbuka kaka yake.

"Mama Vifungo," alisema, "nitafunga mapema leo. Mkanda wako nitauanza kesho. Naomba niazime futi yako."

"Chukua. Lakini usije ukaitundikia jiwe."

Fundi hakucheka. Alitoa baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya mlango, na alipoushika usukani alisita, kwa kuwa ilikuwa baiskeli ya kaka yake.

Kaka alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mpana, mpole, aliyemlea baada ya baba yao kufa. Mkanda wa kazini ulipomkatikia, fundi alimpima, akamshonea mpya wa ngozi nene, akampelekea siku ya mapumziko wakati nyumba nzima iko mezani. Kaka alisimama kuujaribu. Alivuta, akavuta tena, akafikia tundu la mwisho kwa taabu. Ndipo fundi alipotoa rula yake ndefu, akaupima mkanda mbele ya wote, akasema, "Kaka, mkanda hauna kosa. Hilo tumbo si la mlinzi tena, ni la mwenye ghala." Watoto wakaangua kicheko. Shemeji yake, mke wa kaka, ambaye alikuwa hapitwi na utani, akasema amempata mume mjamzito na hajui atamzalia nini. Kaka naye alicheka, kidogo. Kisha akaketi, akausogeza mkate wake kwa mtoto aliyekuwa karibu.

Siku zilizofuata mambo yalitokea ambayo fundi aliyaona bila kuyaunganisha. Kaka aliacha chumvi. Shemeji alilalamika kwamba mumewe amekwenda kukaa kwenye benchi la zahanati na kuondoka kabla ya kuitwa, akadai kulikuwa na foleni. Kisha kaka akaja karakanani kwa fundi na kisu cha baba yao, kile cha kukunja, akasema kiwe huku, kinafaa kwa ngozi. Safari nyingine akaleta baiskeli. "Panda wewe, mdogo wangu," alisema. "Mimi miguu inatosha." Fundi alimshukuru. Aliona ni ukarimu.

Sasa alipokuwa akikanyaga pedali alimwona baba yao akilini. Ugonjwa uliomuua baba ulimjaza maji tumboni, na walijua tumbo linakua kwa sababu ya mkanda. Kila mara ulipombana alimwita mwanawe mkubwa alete msumari na nyundo, atoboe tundu jingine. Fundi alikuwa mdogo, alikumbuka mlio wa nyundo tu. Aliyeshika msumari alikuwa kaka. Na kaka huyo amepimwa, muda mfupi tu baadaye mkanda umembana, na mdogo wake asiyekosea vipimo amemthibitishia kwa rula kwamba ni tumbo.

Shemeji alikuwa mlangoni akianua nguo. "Shemeji, umekuja kutupima tena?" alimwambia. "Safari hii nipime mdomo. Kaka yako anasema wangu hauna kipimo."

Fundi alijaribu kutabasamu. Akauliza kama kaka yupo. Shemeji akamwonyesha ndani kwa kidevu, akaongeza kwamba yupo lakini kama hayupo, siku hizi hata kugombana naye hakuna raha.

Kaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sare nusu amevaa, akijiandaa kwa zamu. Shati lilikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo, umetulia pale kama mtu anayesikiliza. Alipomwona mdogo wake aliuondoa haraka. Fundi akaona mifupa ya mabega ambayo hakuwa ameizoea.

Njiani alikuwa amepanga maneno. Sasa yalimponyoka, yakaja mengine yaliyokuwa mepesi zaidi.

"Kaka, ule mkanda. Nadhani ngozi ile ilikuwa na kasoro. Kuna ngozi hupungua urefu yenyewe."

"Haikupungua," kaka alisema. "Uliipima kwa rula, tukaona wote."

Ulikuwa mlango ulio wazi wa kutokea, na kaka ameufunga bila kujua. Fundi alitazama sakafu. Alitoa futi mbili mfukoni, yake na ya Mama Vifungo, akazilaza kitandani kati yao, akazinyoosha kwa kiganja na kulinganisha vichwa. Akamwachia kaka azitazame mpaka mwisho wake mwenyewe.

"Hii ndiyo niliyokupimia," alisema. "Imevutika. Nilikuwa naitundikia chuma. Tumbo lako halikukua, Kaka. Nilikusomea pungufu, nikakata mfupi, halafu nikakulaumu wewe."

Kaka alizitazama futi kwa muda mrefu. Akaichukua ile ya Mama Vifungo, akajizungushia mwenyewe, akatazama namba, akaitoa. Pumzi ilimtoka polepole, na mabega yakashuka.

"Nilishamwambia msimamizi atafute mtu wa zamu yangu," alisema hatimaye. "Nilimwambia sitafika mbali."

Fundi aliketi sakafuni mbele yake.

"Nilikuwa nalala nikihesabu nani atawaangalia hawa. Nikasema wewe upo." Kaka aliikunja futi kidogo kidogo juu ya goti. "Sikukasirikia mkanda, mdogo wangu. Mtu anaweza kukosea mkanda. Ila uliniambia mbele ya wanangu."

"Najua."

"Basi waambie na hili. Mbele yao hivyo hivyo."

Fundi angependa zaidi apigwe kofi. Lakini aliinuka, akawaita. Shemeji aliingia na nguo begani, watoto wakajazana mlangoni wakitarajia mzaha, kwa kuwa baba mdogo alikuwa mtu wa kuwachekesha. Aliwaonyesha futi mbili. Aliwaeleza habari ya msumari, bizimu, rula. Sauti yake ya chini ilizidi kushuka hata binti mkubwa akamwomba aseme tena, na akalazimika kusema tena: kwamba baba yao hakunenepa, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba alimcheka baba yao kwa kosa lake mwenyewe. Mtoto mdogo aliuliza, kwa hiyo baba mdogo ndiye mwenye tumbo? Hakuna aliyecheka.

Shemeji alizitazama futi mbili. Alimtazama mumewe, akatazama nje ambako baiskeli ilikuwa imeegemezwa, akamtazama mumewe tena, na uso wake ukabadilika taratibu kama mtu anayesoma barua.

"Baiskeli," alisema. "Na kisu. Kumbe ulikuwa unagawa." Akaketi kitandani na nguo zake. "Na mimi nikakuita mjamzito."

Kaka akamwambia yaishe. Shemeji akasema hayaishi, akamshika mkono wa shati, akakifunga kifungo kilichokuwa wazi, kisha cha pili. Halafu akainuka kwenda kupasha chakula, na mlangoni alimpita fundi bila kumtania. Hilo lilimuuma kuliko neno lolote.

Walipobaki wawili kaka alisimama. "Haya. Nipime sasa, kwa futi ya mwenzako."

Fundi alipiga magoti, akaizungusha. Akaingiza vidole viwili, vikaingia na nafasi ikabaki. Kwa mazoea akauliza, "Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

Fundi alibaki amepiga magoti, kichwa chake kikiwa usawa wa tumbo la kaka yake, akisikia linavyonguruma. Namba aliiona. Hakuitamka.

"Siwezi kukupima," alisema. "Hiki si kiuno chako. Kula kwanza, Kaka. Kula mpaka urudi, ndipo nije."

"Na msimamizi?"

"Kesho nitakwenda kwake nimwambie mimi. Nitabeba futi zote mbili."

Kaka aliwaza, akaitikia kwa kichwa. Akaushika ule mkanda mfupi, akauvaa, ukafungika kwenye tundu la katikati sawasawa. Wote wawili walilitazama tundu lile, kisha wakatazama pembeni.

Fundi alipoaga, kaka alisema baiskeli ibaki. Akarudi kwa miguu.

Karakanani mwanga ulikuwa umeanza kupungua. Alizungusha futi yake ya zamani mkononi, akaiweka chini ya rula, isitumike tena wala isisahaulike. Bizimu ya shaba ilikuwa bado mezani alipoiacha Mama Vifungo. Alifikiria mwuza nyama, ambaye hufungua duka mapema, na mwalimu wa kwaya, ambaye ingebidi amfuate mpaka kwenye mazoezi, mbele ya waimbaji. Alijaribu maneno kwa sauti, peke yake, akaona haya hata mbele ya ukuta.

Kisha akachagua ngozi ya mkanda mpya wa kaka, ile nene, laini kwa ndani. Akakata ukanda mmoja mrefu kuliko kiuno cha mtu yeyote aliyemjua. Upande wa bizimu aliukunja, akautoboa kwa msharasi, akaushona kwa uzi wenye nta, akivuta kila mshono polepole mpaka macho yakaanza kukosa tundu la sindano. Upande wa pili hakuupima. Hakuweka alama. Aliuacha uning'inie ukingoni mwa meza, mzima, bila tundu hata moja, akafunga mlango.