Mteja Hapatikani kwa Sasa

Dama alikuwa akipepeta mchele nyumbani kwake katika mtaa wa Tudor, ghorofa ya tatu, alasiri moja ya jua kali, aliposikia hodi. Alipofungua mlango alimkuta mwanamke mwenye gauni jekundu, amelowa chapachapa, anakohoa damu kwenye leso nyeupe. Kisiwa kizima hakikuwa kimepata tone la mvua tangu Ramadhani.

"Mimi ni Wendy," mgeni akasema. "Wa kwenye kitabu cha Trizah."

"Karibu. Vua viatu hapo mlangoni, nimepiga deki sasa hivi."

Dama alikuwa akimjua, tena hakuwa na hamu naye. Trizah, bintiye wa pekee, alikuwa kidato cha tatu, na riwaya waliyosomeshwa ilimhusu huyu Wendy. Ni malaya, anasimama chini ya taa ya barabarani mvua ikimnyeshea, anaanza kukohoa mapema, na ukurasa wa mwisho anafia mtaroni bila wa kumzika. Trizah aliijua kazi ya mamake. Dama hakuwahi kumficha: "Kazi yangu ni ya wanaume, mwanangu, na ndiyo inayokulisha." Lakini tangu akimalize kitabu kile, mtoto alikuwa akitoka shule mbio, anapanda ngazi mbio, anasukuma mlango na kumtazama mamake kifuani kama kunapanda na kushuka. Akisharidhika ndipo anywe maji. Dama alimwambia hata mafua hana. Wapi! Kesho yake mbio zilikuwa zile zile. Dama alikwisha kutukanwa matusi ya kila namna kule Bondeni, mtaa anaofanyia kazi, na hakuna lililomuuma kama mbio hizo.

"Nimechoka kufa, dada," Wendy alisema. "Mtihani umekaribia, darasa zima linanisoma. Mmoja akimaliza kitabu akiwa chooni, nakufa. Mwingine akimaliza kitandani, nakufa tena."

Dama akampa leso mbili za kujifunga na chai ya tangawizi. Khairiya, jirani wa chini anayeuza mahamri, akapanda kulalamika.

"Mama Trizah, mgeni wako amenilowanishia ngazi."

"Niwie radhi, bibiye. Ametoka kitabuni."

"Hata kama. Kitabuni hakuna tambara?" Akaacha mahamri manne kwenye sahani, akashuka.

"Lakini wewe," Dama akamuuliza mgeni, "wasimama mvuani kila siku kufanya nini?"

"Ndivyo nilivyoandikwa."

"Lo! Mimi ikinyesha nalala zangu."

Wakacheka wote wawili, hata Wendy akasahau kukohoa. Alipokumbuka, kikohozi kilikuwa kimeshaondoka.

"Na yule bwana aliyekuambukiza?" Dama akauliza.

Wendy akakitazama kikombe. Kwenye kitabu bwana yule huitwa mteja tu. Kivuli chake hupita ukutani, mlango hufungwa, basi. Hana jina, hana uso, wala yeye hakohoi. Nambari ya simu alimwachia. Dama akaipiga, akaweka sauti juu.

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

"Hata simu yamwita hivyo hivyo," Wendy akasema, akachukua hamri la pili.

Trizah akaingia mbio. Akamtazama mamake kifuani, kisha akamtazama Wendy. Vifua vyote viwili vilikuwa vikipanda na kushuka. Akaamkia, akafungua kitabu chake ukurasa wa mwisho. Maneno yalikuwa yamehama: Wendy alikuwa Tudor, anakunywa chai ya tangawizi, na hadithi ikaishia hapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Trizah alikifunga kitabu akakikumbatia.

Vitabu vya wenzake havikubadilika. Kwa hivyo swali lilipokuja darasani, kwamba kifo cha Wendy kilikuwa malipo ya dhambi, thibitisha, Trizah aliandika: "Hakufa. Yuko kwetu." Akapata sifuri, na Mwalimu Nicodemus, anayewasomesha riwaya hiyo, akamwita mzazi.

Dama alikwenda na Wendy na Trizah. Mwalimu, mtu wa miwani na tai, aliwapokea vizuri: "Karibu, Mama Trizah, keti." Kisha Wendy akaingia nyuma yake, na uso wa mwalimu ukaondoka. Yalitangulia macho, ikafuata pua, miwani ikakosa pa kukaa ikaanguka mezani. Mdomo ulibaki, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kusema.

Hapo ndipo Dama alipomtambua. Bondeni hakuwahi kuja na uso.

"Kumbe ni wewe, Tony," akasema.

"Hapa naitwa Mwalimu Nicodemus," mdomo ukajibu. "Na jibu ni moja. Mwanamke alikufa."

"Na mteja?" Trizah akauliza.

"Mteja hatahiniwi."

Alipapasa meza akaipata kalamu yake nyekundu, akaikoleza sifuri ili isije ikafutika. Wendy akaiokota miwani, akaikunja vizuri, akamwekea mkononi. Wakatoka, na mwalimu akarudishiwa uso wake akaingia darasani kuwasomesha wengine.

Siku ya pili yake Wendy alifika amelowa tena, kuna mtoto alikuwa amemaliza kitabu asubuhi. Alipangusa miguu, akachukua kikombe ambacho sasa kilikuwa chake. Dama alikuwa akipepeta mchele, sikio liko ngazini. Saa ya mbio ikafika, ikapita, kimya. Moyo ukamwenda mbio yeye.

Kisha akamsikia Trizah huko chini akimwamkia Khairiya, akimwomba hamri lililoungua, akicheka. Halafu nyayo zikapanda polepole, ngazi moja, nyingine, kama za mtu anayetafuna.

"Mama," Trizah akasema, begi likatupwa kitini, macho kwenye sufuria, "leo twala nini?"

Dama akageukia ukuta akalia kidogo, kwa furaha, kisha akabandika maji ya wali.