Mfereji wa Baba

"Hivi ni vyanzo vitatu," mwalimu wa utafiti aliuliza, "au ni kimoja kilichobadilisha nguo mara tatu?"

Spana alizisogeza karatasi zake karibu zaidi. Chuoni walimwita Spana kwa sababu aliingia darasani na sanduku la kazi, akitoka moja kwa moja kwenye mabomba ya watu, mikono ikinuka kutu. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, na karatasi hii ya utafiti ndiyo pekee iliyobaki kati yake na stashahada ya ufundi wa maji. Ilitakiwa Ijumaa. Tena haikuwa karatasi ya hivi hivi. Ilimhusu marehemu baba yake.

Mtaani kwao kila mtu alijua kwamba mfereji wa bomba la kwanza kupanda kilimani ulichimbwa na baba yake, peke yake, kwa sururu. Spana alikua na habari hiyo kama wengine wanavyokua na shamba la urithi. Wenzake wa shule ya msingi walipomcheka kwa viatu vyake, aliwajibu, "Na hayo maji mnayokunywa, kachimba nani?" Wakanyamaza. Sasa alikuwa ameipata kwa maandishi: gazeti la zamani, kijitabu cha idara ya maji, na ukurasa wa mtaa kwenye mtandao. Vyote vilisema kitu kimoja, naye alivipanga mezani kwa mwalimu akijisikia bingwa.

"Vinasema kitu kimoja kwa maneno yale yale," mwalimu alisema, kalamu yake ikigonga hapa, hapa na hapa. "'Sururu yake haikulala.' Watu watatu walioona kwa macho yao hawasimulii namna moja hivyo. Wewe fundi, ukiona ukuta umelowa, unafanyaje?"

"Nafuata maji yanakotokea."

"Basi fuata. Na ukimfikia mtu, usimtilie jibu mdomoni. Muulize, halafu nyamaza."

Ama kweli! Mtu umejinyima usingizi, umeandika kurasa kumi na mbili, halafu unaambiwa urudi mwanzo. Spana alimnunia mwalimu yule mpaka mlangoni pa maktaba.

Lakini alifuata. Ukurasa wa mtandao ulitaja kijitabu. Kijitabu kilitaja gazeti, kwa herufi ndogo kama sisimizi chini ya ukurasa. Na gazeti lenyewe, ambalo mkutubi alilitoa stoo likiwa limefungwa kwa uzi, lilichapishwa wiki ile baba alipozikwa. Mwisho wa habari iliandikwa, "Kwa mujibu wa dada wa marehemu."

Dada wa marehemu ni Shangazi, aliyemlea Spana tangu wiki hiyo hiyo. Mkutubi alimwona amekaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa, akamsogezea glasi ya maji.

"Habari mbaya, dada?"

"Sijui bado, kaka. Asante."

Alimkuta Shangazi jikoni akichambua mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, bomba hili litanitia wazimu. Tone, tone, tone!"

Spana alifungua sanduku, akampa mgongo na kuanza kulegeza koki. Mengine ni rahisi kuyauliza ukiwa umegeukia ukuta.

"Shangazi, yule mwandishi wa gazeti alipokuja msibani, ulimwambia nini?"

Mchele uliacha kuchakarika kwenye sinia. "Mambo ya kale hayo, ya nini?"

"Ya shule."

"Shule gani hiyo inayofukua makaburi?"

Spana alikuwa ameshauliza, basi akanyamaza, kama alivyofundishwa. Akatoa kile kimpira cha ndani. Kilikuwa kimeliwa chote. Nyuma yake alisikia Shangazi anavuta kamasi.

"Nilitia chumvi, mwanangu. Baba yako hakuchimba hata hatua moja."

Spana aliketi chini, pale pale sakafuni.

"Alianguka kazini, kwenye ujenzi, mkono wa kulia ukawa haunyanyuki kupita kiuno. Sururu angeinuaje? Mfereji walichimba wanawake wa mtaa, mimi nikiwamo. Baba yako alikaa na watoto wetu. Anawabeba, anawaogesha, anawalisha. Wanaume wenzake wakamwita Yaya. Yaya! Kaka yangu! Halafu amekufa, mwandishi ananiuliza marehemu aliufanyia nini mtaa, na wewe umesimama hapo umening'ang'ania nguo. Nimwambie alikuwa yaya? Niliona haya. Nilitaka uwe na cha kujivunia."

"Miaka yote hii, Shangazi."

"Miaka yote hii. Nisamehe."

Spana hakusema amesamehe, kwa sababu bado alikuwa hajasamehe. Iliuma, tena iliuma vibaya. Baba aliyekuwa naye asubuhi ile alikuwa ameondoka na sururu yake, na karatasi nzima imekwenda naye. Alitia kimpira kipya, akakaza koki, akafungua maji, akafunga. Halikudondoka hata tone.

"Nani mwingine alikuwepo?" aliuliza.

"Tumebaki wachache. Mama Pacha yupo, pale kwenye kona. Lakini hatusemezani tangu mwaka juzi, unajua mwenyewe."

Heri, Spana aliwaza. Kama hawasemezani, hawajapangana.

Mama Pacha alikuwa ameketi kivulini, macho yakianza kufifia lakini ulimi bado mzima. Spana alimwamkia, akajitambulisha, akauliza kwa uangalifu, "Bibi, mlipochimba ule mfereji wa maji, baba yangu alikuwa anafanya nini?"

Bibi alipiga makofi kwa kicheko. "Yaya! We mtoto wa Yaya! Sogea nikuone."

Spana alisogea.

"Mapacha wangu walikuwa walizi, kwangu hawanyamazi, kwa mama yangu hawanyamazi. Kwake kimya! Mmoja mgongoni, mmoja kifuani, anatembea nao ukingoni mwa mfereji akituimbia. Ungechimba na mtoto analia? Thubutu! Bila yule mwanaume tusingefika hata hapa kwenye kona. Na wewe ulivyokuwa na wivu! Akimbeba mwenzio, unatambaa kwenda kumng'ata mguu."

"Hakuona aibu, bibi? Wakimcheka?"

"Aibu ya nini? Wanaume wakipita wakiita 'Yaya!', anaitika, 'Abee!' Kwa sauti nyembamba, kama mwali. Tunaangusha majembe kwa kucheka."

Spana alicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakutaka kuacha. Alimshukuru Mungu kwa mwalimu yule msumbufu. Jioni alirudi kwa Shangazi, akamkumbatia mlangoni kabla hajaulizwa lolote.

"Asante, Shangazi. Kwa kunilea. Na kwa kuniambia."

"Utaniandika kwamba mimi ni mwongo?"

"Nitakuandika kwamba ulichimba."

Shangazi alitazama viganja vyake, kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokiweka mahali akasahau.

Ijumaa mwalimu alifunua karatasi mpya, akasoma kichwa chake: wanawake wa mfereji na mlezi wa watoto wao. Gazeti, kijitabu na ukurasa wa mtandao vilikuwa vimewekwa pamoja, vikahesabiwa kimoja, na sababu ikaelezwa bila kumdhalilisha mtu.

"Sasa una vyanzo vingapi?"

"Mashahidi wawili, mwalimu. Na hawasemezani."

Mwalimu alicheka, akavua miwani. "Na baba?"

"Yumo, ukurasa wa tatu. Asante sana, mwalimu. Nilikununia."

"Najua. Wote mnaninunia."

Spana alipandisha kilima kwa miguu. Bombani palikuwa na foleni kama kawaida, na mama mmoja alikuwa akihangaika, ndoo imejaa, mtoto analia begani.

"Dada, nishikie kidogo nijitwishe."

Spana aliweka sanduku chini, akainama. Mama alimweka mtoto mgongoni pake, akamfunga kwa kitambaa, akageukia ndoo yake. Mtoto alilia, akalia, akashusha pumzi, akanyamaza.

"Ee, we Spana!" fundi mmoja alimtania kutoka ng'ambo ya barabara. "Umeacha mabomba, umekuwa yaya?"

"Abee!" aliitika.