Macho ya Mshona Kola

Mshona kola alivua viatu, akalala kwenye kitanda cha kupimia hospitalini, na mpimaji akamvisha miwani mikubwa myeusi yenye kamera ndani. Macho yake yakatokea kwenye skrini, makubwa kama sahani. Mpimaji, mtu mpole asiye na haraka, alimweleza kwamba atamtia maji ya vuguvugu sikioni, kizunguzungu kije chenyewe, naye atazame macho yanakimbilia wapi.

Dada wa watu alikuwa na shida moja tu. Kila akiketi kwenye cherehani yake, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha mashati, sakafu ilimkimbia. Msimamizi alishasema huyu analewa. Alipewa mpaka Ijumaa alete majibu ya hospitali, la sivyo kazi basi, na ni msimamizi huyo huyo aliyempigia magoti ampe kazi na mdogo wake, anayeshona vifungo mle mle, dirishani.

Maji yakaingia. Ili macho yasizubae gizani, mpimaji humtaka mgonjwa ataje majina: matunda, watoto wa shangazi, chochote. Huyu alitaja wenzake wa kiwandani kwa mstari walivyokaa. Mama Mikasi. Bibi Harusi, ambaye hajaolewa hadi leo. Kila aliyetajwa, macho yalivutwa upande wake, na chumba nacho kikainama kidogo upande huo huo. Kiti cha magurudumu kikajiondokea taratibu mpaka ukutani. Mpimaji alikifuata, akakiwekea tofali, akarudi.

"Endelea," alisema. "Na dirishani yuko nani?"

"Mdogo wangu."

Hapo kabati likafunguka, na pamba, glavu na chupa ya chai vikateremka sakafuni kwa adabu, kimoja baada ya kingine. Mpimaji alishika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaandika. Alipomvua miwani hakuzunguka mbuyu.

"Dada, masikio yako mazima, na macho yako yanasema kweli. Jengo lenu linalalia dirishani."

Mshona kola alilia kwa furaha, maana kumbe si mgonjwa wala mlevi. Kisha akamkumbuka aliyekaa dirishani, furaha ikamkatika.

Tajiri wa kiwanda alisoma majibu yote. Si mtu mbaya. Alimpa dada mkono, akamsema msimamizi mbele ya watu kwa kumzushia ulevi. Kisha akamwita seremala. Seremala alipita meza hadi meza na msumeno, akipunguza miguu ya upande wa mlangoni mpaka maji kwenye glasi yakatulia sawasawa. Viti navyo vikakatwa. Kizunguzungu kikaisha kweli, na watu wakashukuru.

Siku hizi seremala huja kila mwezi, na msumeno wake haukosi kazi. Mshona kola alimwendea msimamizi, akaomba mdogo wake ahamishiwe mlangoni. Msimamizi hakumfokea. Aliweka glasi ya maji juu ya meza ya vifungo, wakaitazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Yanacheza?" msimamizi aliuliza.

"Hayachezi."

"Sasa shida iko wapi?"

Mshona kola alirudi kwenye cherehani yake, akachukua kola iliyofuata. Zamani, akiinua kichwa, alikuwa akiuona uso wa mdogo wake. Sasa, kule chini dirishani, anaona utosi.