Atuganile Amkagua Mwajiri

Atuganile, mama wa watoto wawili, alikuwa na mwezi wa nne bila kazi. Kampuni ya Vwawa alikoandika programu za kompyuta aliiacha mwenyewe, baada ya bosi kumkataza kujaribu kila kipande cha programu kabla ya kumpa mteja, eti anachelewesha. Safari hii aliapa kumkagua mwajiri kama anavyokagua vyoo vya shule kabla ya kuandikisha mtoto.

Huko Tunduma, mpakani, alikwenda kwenye usaili kwa Gibson, aliyetengeneza programu za mawakala wa forodha.

"Dada, programu yetu haina kosa hata moja."

"Mmejuaje, kaka?"

"Hakuna mteja anayelalamika."

Simu ya Gibson ikaita. Akaizima bila kuitazama. "Mawakala hawa! Lori likikwama mpakani, lawama kwetu."

"Kwani hamjaribu kabla ya kuwapa?"

"Tunajaribu sana. Wao ndio wanaotujaribia." Akacheka. "Nimekupenda. Jumatatu uanze."

Atuganile alifikiria kodi ya nyumba, halafu akafikiria lori. Akachukua vyeti vyake mezani.

"Mboga huonjwa jikoni, kaka, si kwenye sahani ya mgeni."

"Maringo hayo! Utakufa njaa, mama."

Nje, Rosemary, mmoja wa waandika programu watatu wa Gibson, aliyesikia yote mlangoni, alimkimbilia na bahasha.

"Dada, ukimpata bosi anayeonja jikoni, mpe hizi."

Ndani zilikuwemo barua tatu za kuomba kazi, zimeshatiwa saini zote. Nafasi ya jina la mwajiri ilikuwa wazi.